Upungufu wa G6PD: mkojo ukiwa mweusi, nenda hospitali leo

G6PD ni nini?
Ni kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Mwenye upungufu huzaliwa nao, mara nyingi mtoto wa kiume aliyeurithi kwa mama. Hauambukizi. Siku nyingi anaishi bila shida yoyote.

Sasa figo zinaingiaje?
Akimeza dawa isiyomfaa, chembe hupasuka kwa wingi. Himoglobini iliyokuwa ndani humwagika na kupita kwenye figo; ikizidi, huziba na kuumiza mirija yake. Mkojo hugeuka rangi ya chai kavu iliyokolea, kwa kawaida siku 1 hadi 3 baada ya dawa.

Si ni UTI tu?
Hapana! Hapa ndipo figo za watu zinapopotea. Mgonjwa anaona mkojo mweusi, anakwenda duka la dawa, anaambiwa ni UTI, anauziwa nitrofurantoini, ambayo nayo inapasua chembe zake. Kiuno kikiuma anaongeza diklofenaki, na figo zilizokwisha kuelemewa zinapigwa tena. Sisi wa hospitali tunaletewa akiwa na macho ya manjano, anahema, mkojo hautoki.

Ninywe maji mengi nisubiri kesho?
Hapana. Kunywa maji ukiwa njiani. Hospitali ni leo, na uje na pakiti za dawa zote ulizomeza. Tutapima wingi wa damu na kreatinini, inayoonyesha figo zinavyofanya kazi. Wengine huongezewa damu. Wachache husafishwa damu kwa mashine.

Na mitishamba ya kusafisha figo?
Hapana. Tafadhali, hapana.

Niepuke nini?
Dawa za malaria za primakwini ya siku 14 na tafenokwini kabla ya kupimwa G6PD, dapsoni (dawa ya ukoma), nitrofurantoini, na vidonge vya naftalini vya kabatini, hasa kwenye nguo za mtoto mchanga. Maharage mapana (fava) pia, kwa ndugu zetu wa Oman. Dawa mseto ya malaria usiikimbie: malaria isiyotibiwa nayo inapasua chembe.

Nilipimwa nikiwa mgonjwa, nikaambiwa niko sawa.
Chembe zenye upungufu mkubwa zilikuwa zimeshapasuka, zikapimwa changa zenye kimeng'enya zaidi. Rudia kipimo baada ya miezi 3. Ukithibitishwa, jibu liandikwe kwenye kadi yako, na muuza dawa aambiwe kabla hajafungua kabati.