Likizo ya Laos: chagua mwezi kwanza

Mtu akinipigia simu kutaka kwenda Laos, mara nyingi swali lake la kwanza ni ufukwe uko wapi. Haupo. Laos imezungukwa na Thailand, Vietnam, China, Kambodia na Myanmar, na haigusi bahari popote. Wasomaji wangu wa Uganda, Rwanda na Burundi wanajua maisha hayo. Kilichopo ni mto Mekong, na mimi hupanga safari kwa kuufuata mto huo na majira yake.

Kwa hiyo kabla ya kugusa ramani naulizia mwezi. Mvua hunyesha kuanzia Mei hadi Oktoba. Novemba hadi Februari kunakuwa kukavu na kuna ubaridi. Asubuhi za milimani kaskazini zinataka sweta la kweli. Kisha joto linapanda, na Aprili huvuka nyuzi 35. Ila jambo linaloharibu likizo nyingi ni moshi. Kuelekea mwisho wa msimu wa kiangazi wakulima wa milimani huchoma mashamba kabla ya kupanda, na nchi jirani nazo huchoma, basi Machi anga la kaskazini linakuwa la kijivu. Niliwahi kuwapeleka wanandoa Luang Prabang, mji wa huko kaskazini, mwezi huo kwa sababu bei za nyumba za wageni zilikuwa nzuri. Walipanda ngazi za kilima cha Phousi kuangalia machweo, hata ng'ambo ya mto hawakuiona vizuri, na mama alikohoa siku zote nne. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo simpeleki mtu kaskazini mwezi Machi, hata akinisihi.

Nikiachiwa nichague, nachagua Novemba. Mvua zimekwisha, maporomoko ya Kuang Si bado yana maji mengi, na mashamba ya mpunga yanavunwa. Anayependa sherehe anaweza kwenda Oktoba, watawa wa Kibudha wanapomaliza miezi yao mitatu ya kutulia mahekaluni: Luang Prabang hushusha mtoni boti zenye mishumaa na taa usiku. Mwaka mpya wao, Pi Mai, ni katikati ya Aprili. Watu humwagiana maji barabarani siku tatu, ofisi zinafungwa na vyumba vinajaa mapema.

Sasa njia. Zamani kutoka mji mkuu, Vientiane, hadi Luang Prabang ilikuwa kutwa nzima ya basi kwenye kona za milima. Tangu Desemba 2021 kuna reli ya kwenda China, na safari hiyo kwa treni ni kama saa mbili. Tiketi zinawahi kwisha, stesheni ziko mbali na miji, na mizigo hukaguliwa kama uwanja wa ndege. Dawa ya mbu ya kopo la kupuliza wataichukua, kwa hiyo beba ya kupaka. Mwenye muda namshauri aingilie Huay Xai, mpakani na Thailand, apande boti ya polepole. Ni siku mbili juu ya Mekong, unalala Pakbeng katikati, na hakuna la kufanya ila kutazama vijiji vikipita. Ndiyo sehemu ya safari ambayo wateja wangu huisimulia zaidi wakirudi.

Kwa siku kumi, baki kaskazini na Vientiane. Kusini kuna hekalu la kale la Vat Phou, kahawa ya nyanda za Bolaven, na visiwa vya Si Phan Don karibu na maporomoko ya Khone, yale yaliyowazuia Wafaransa kupandisha meli kutoka baharini mpaka wakajenga reli fupi visiwani. Kusini kunastahili wiki yake. Vitabu vya zamani vinaahidi pomboo wa mtoni huko. Wa mwisho alikufa mwaka 2022.

Kuhusu tak bat niwe mkali kidogo. Alfajiri watawa hutoka mahekaluni pekupeku, kwa mstari, na wenyeji waliopiga magoti huwatilia wali bakulini. Hiyo ni ibada, na chakula hicho ndicho watakachokula, kwa kuwa baada ya adhuhuri hawali. Nimeona wageni wakimsogezea mtawa mtoto simu usoni. Simama upande wa pili wa barabara, funika mabega na magoti, nyamaza, zima mwanga wa kamera. Mwanamke asimguse mtawa, hata kwa bahati mbaya.

Mezani utajisikia nyumbani. Wali wa kunata, khao niao, huja kwenye kikapu kidogo cha mianzi, unafinyanga tonge kwa vidole na kuchovya, kama ugali kabisa. Nguruwe yupo katika vyakula vingi, kwa hiyo Mwislamu aulize kila mara. Vientiane kuna misikiti miwili, na karibu na ule wa katikati ya mji kuna chakula cha halali.

Usinywe pombe ya bure au isiyo na chapa. Novemba 2024 watalii sita walikufa katika mji wa Vang Vieng baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Na usiache njia iliyokanyagwa vijijini: kati ya 1964 na 1973 Marekani iliangusha zaidi ya tani milioni 2 za mabomu, na mengi bado yamo ardhini. Ukienda Uwanda wa Mitungi huko Xieng Khouang, penye mitungi mikubwa ya kale ya mawe, tembea ndani ya alama.

Karatasi ziishe kabla ya kulipia tiketi. Masharti ya viza yanategemea pasipoti yako, basi wasiliana na ubalozi wa Laos mwenyewe. Ukipanga kushukia Bangkok na kuvuka Daraja la Urafiki, la kati ya Thailand na Laos, kwa barabara, utahitaji pia ruhusa ya Thailand, na kama utarudia huko huko, hakikisha inakuruhusu kuingia mara mbili. Cheti cha homa ya manjano kikae pamoja na pasipoti, kwenye mkoba wa mkononi.