Drafti ya NFL: wanayobishania mashabiki na jinsi mambo yalivyo

Kila mwisho wa Aprili, timu 32 za ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuo vikuu, iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ikitangulia. Raundi ni saba, siku ni tatu, na pazia hufunguliwa Alhamisi jioni kwa saa za New York, yaani saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa kwa wanaokesha Nairobi na Dar es Salaam. Drafti ya 2025, iliyofanyika Green Bay, ilikuwa na zamu 257. Ubishi huwa umeanza miezi mitatu kabla, na kubishana kwenyewe ni nusu ya utamu. Ila hoja nyingi za vijiweni zina kasoro moja: watu wanapima jina la mchezaji, hawaulizi timu imelipa nini kumpata.

Dhana: Aliyechaguliwa mapema ndiye bora.

Ukichukua kundi kubwa, wa raundi ya kwanza huwazidi wa raundi ya tano, hilo halina ubishi. Mambo huharibika ukishuka kwa mtu mmoja mmoja. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler walilinganisha wachezaji wa nafasi moja waliofuatana kuchaguliwa, wakauliza: je, yule wa mbele alikuja kumzidi yule aliyemfuata? Jibu lilikuwa ndiyo kwa takriban asilimia 52. Hiyo ni kama kurusha shilingi juu.

Angalia 2018, mwaka ambao kwotabeki watano, wale warusha mpira wanaoongoza mashambulizi, walitoka raundi ya kwanza. Baker Mayfield alikuwa wa 1 (Cleveland), Sam Darnold wa 3 (Jets), Josh Allen wa 7 (Buffalo), Josh Rosen wa 10 (Arizona), na Lamar Jackson wa 32 (Baltimore). Wa mwisho kati yao ametwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi kwa misimu ya 2019 na 2023. Allen aliichukua ya 2024. Rosen alidumu Arizona msimu mmoja tu, akauzwa. Mayfield na Darnold walizunguka timu kadhaa kabla ya kutulia, na Darnold mwaka 2024 aliiongoza Minnesota kushinda mechi 14. Watu walewale, na kila mmoja alitegemea sana kocha aliyemkuta, ukuta wa kumkinga na muda aliopewa.

Dhana: Kama timu inampenda kijana, ipande kumfuata kwa bei yoyote.

Hapa ndipo penye hesabu. Kwenye miaka ya tisini mwanzoni, Dallas chini ya kocha Jimmy Johnson walianza kutumia jedwali linalozipa zamu pointi, na ligi nzima ikalifuata. Zamu ya 1 ina pointi 3,000, ya 2 ina 2,600, ya 3 ina 2,200, ya 10 ina 1,300, ya 32 ina 590. Timu inayotaka kupanda hujazia pengo kwa zamu nyingine. Zamu ya mwakani huhesabiwa kama imeshuka raundi moja: ya pili ya mwakani ni sawa na ya tatu ya leo.

Mwaka 2017 Chicago walitoka zamu ya 3 kwenda ya 2. Pengo ni pointi 400. Waliwapa San Francisco zamu ya 67 (pointi 255), ya 111 (pointi 72) na ya raundi ya tatu ya 2018, ambayo kwa kushushwa raundi moja inajazia zile 73 zilizobaki. Kwa jedwali, bei ilikuwa halali kabisa. Walimchukua Mitchell Trubisky. San Francisco, waliorudi nyuma hatua moja, walimchukua Solomon Thomas, mtu wa ulinzi. Patrick Mahomes akaenda Kansas City katika zamu ya 10. Kwa hiyo anayesema Chicago "walipunjwa" kwenye biashara anakosea mahali pa kulaumu. Biashara ilikwenda sawa. Tathmini ya mchezaji ndiyo iliyoanguka.

Carolina wa 2023 ni kesi nyingine. Ili kupanda kutoka zamu ya 9 hadi ya 1 kumchukua Bryce Young, walitoa Chicago zamu hiyo ya 9, ya 61, ya raundi ya kwanza ya 2024, ya raundi ya pili ya 2025, pamoja na mdakaji wao D. J. Moore. Msimu uliofuata walishinda mechi mbili, wakapoteza 15. Zamu yao ya 2024, waliyoiona ya mbali wakati wa kusaini, ikageuka zamu ya 1, na Chicago wakamchukua Caleb Williams. Zamu ya mwakani thamani yake inategemea utakavyocheza, na timu inayohitaji kwotabeki kwa udi na uvumba aghalabu ndiyo itakayofungwa sana. Katika hesabu zao mashabiki huiweka katikati ya raundi, kumbe wanapaswa kuiweka karibu na kilele.

Jedwali la Johnson lenyewe lina umri. Lilitungwa kabla ya mfumo mpya wa mishahara, na ndiyo maana timu nyingi leo zina majedwali yao yanayopunguza makali ya zile zamu za juu kabisa. Ukilitumia kwenye ubishi, litumie kama mwanzo wa mazungumzo.

Dhana: Kijana wa zamu ya kwanza hulipwa hadi kuifilisi timu.

Ilikuwa hivyo hadi 2010. Mwaka huo Sam Bradford, wa kwanza, alisaini miaka sita kwa dola milioni 78, milioni 50 zikiwa za uhakika. Mkataba wa ligi na chama cha wachezaji wa 2011 ukafuta hayo: mwaka uleule Cam Newton, naye wa kwanza, alipata miaka minne kwa dola milioni 22. Tangu hapo mshahara unafuata namba ya zamu, na nafasi ya kuvutana ni ndogo mno. Mikataba ya waliochaguliwa ni ya miaka minne. Kwa raundi ya kwanza timu ina hiari ya kuongeza wa tano, na inapaswa kuamua mwanzoni mwa Mei baada ya msimu wa tatu.

Faida yake inaonekana kwa Brock Purdy. San Francisco walimchukua katika zamu ya 262, ya mwisho kabisa, mwaka 2022. Mwaka 2023 mshahara wake wa msingi ulikuwa dola 870,000, naye akaifikisha timu fainali ya Super Bowl. Fedha ambazo timu nyingine zilikuwa zikimlipa kwotabeki, wao walizigawa kwa nafasi nyingine. Mwaka 2025 alisaini miaka mitano ya dola milioni 265, na hapo unafuu ukaisha. Hii pia ndiyo sababu timu husitasita kutumia zamu ya juu kwa mkimbiaji na mpira: nafasi yake ni nafuu sokoni, kwa hiyo ukimchukua kijana huokoi kitu. Kwa kwotabeki, mdakaji, mkingaji wa kushoto na mwindaji wa kwotabeki, unaokoa mamilioni.

Dhana: Brady alikuwa wa 199, kwa hiyo maskauti hawajui kitu.

Mwaka 2000 kwotabeki sita walichaguliwa kabla ya Tom Brady. Kinachosahaulika ni kwamba hata New England waliompata walichagua watu sita kabla yake. Wangejua wanachokiona, wasingengoja hadi raundi ya sita. Kwa kila Brady kuna mamia ambao hakuna anayewakumbuka, na raundi za sita na saba kimsingi hujaza nafasi za vikosi maalumu, vile vya kupiga na kupokea mateke, na kikosi cha mazoezi. Kambi ina watu 90, msimu unaanza na 53.

Ila kuna jambo la kiufundi ambalo shabiki wa timu yenye zamu chache hulikosa. Zamu hiyo ya 199 ilikuwa ya fidia. Raundi 7 mara timu 32 ni 224. Kinachozidi hapo ni zamu za fidia, ambazo hukaa mwishoni mwa raundi ya tatu hadi ya saba kwa timu zilizopoteza wachezaji huru wengi au wa bei kuliko waliosajili. Anayehesabiwa ni yule ambaye mkataba wake uliisha wenyewe. Aliyeachwa na timu yake hahesabiwi. Ndiyo maana unaona meneja anamsajili mkongwe aliyeachwa Machi na kumkwepa mchezaji huru wa kiwango kilekile: wa kwanza hamharibii fidia.

Dhana: Kasi ya yadi 40 ndiyo kipimo.

Yadi 40 ni mita 36.6, na mchezaji hukimbia umbali huo kwa mstari ulionyooka mara chache sana kwenye mechi. John Ross alikimbia kwa sekunde 4.22 mwaka 2017, rekodi ya wakati huo, akachaguliwa wa 9, na Cincinnati hawakuvuna walichopanda. Brady alikimbia kwa 5.28. Kwa watu wazito wa mstari, maskauti hutazama zaidi muda wa yadi 10 za mwanzo, kwa sababu pambano lao huishia hapo. Na kinachowapeleka madaktari wa timu zote kwenye mchujo wa Indianapolis, ambako vijana hupimwa kabla ya drafti, ni vipimo vya afya. Myles Jack mwaka 2016 alitajwa miongoni mwa walio bora. Goti likamshusha hadi zamu ya 36. Mchezaji anapoporomoka ghafla bila maelezo, anza kushuku ripoti ya daktari.

Dhana: Utabiri wa wachambuzi ndiyo orodha ya timu.

Utabiri hujaribu kukisia nani ataenda wapi. Orodha ya timu hupanga ubora kwa macho ya timu hiyo na haitoki nje ya chumba. Mwaka 2025 Shedeur Sanders alitabiriwa sana kuwa wa raundi ya kwanza. Alitoka raundi ya tano, zamu ya 144, Cleveland, ambao walikuwa wameshamchukua kwotabeki mwingine, Dillon Gabriel, katika zamu ya 94. Kusema "tumempata kwa bei ya chee" kwa kigezo cha utabiri ni kujidanganya: timu zote, pamoja na hiyo iliyomchukua, zilimpita mara kadhaa.

Dhana: Chagua kwa kuziba pengo.

Pengo la leo huzibwa kwa wachezaji huru mwezi Machi. Kijana wa chuo huhitaji muda, na pengo litakuwa limehamia kwingine. Philadelphia walizomewa mwaka 2020 kumchukua Jalen Hurts katika zamu ya 53, mwaka mmoja tu baada ya kumwongezea Carson Wentz mkataba wa dola milioni 128. Mapema 2021 Wentz aliuzwa. Februari 2025 Hurts alikuwa mchezaji bora wa Super Bowl.

Mashabiki hao wa Philadelphia, tusiwasingizie, ndio waliomzomea Donovan McNabb mwaka 1999 kwa sababu walimtaka Ricky Williams. New Orleans walimtaka Williams pia, wakatoa zamu zao zote za mwaka huo na mbili za uliofuata. McNabb aliifikisha timu fainali ya kanda mara tano.

Dhana: Fungwa makusudi, zamu ya kwanza ni yako.

NFL haina bahati nasibu, kwa hiyo kishawishi kipo. Lakini wachezaji wanacheza kwa ajili ya mikataba yao wenyewe. Jets wa 2020 walikuwa wamepoteza mechi 13 mfululizo, kisha wakazifunga Rams na Cleveland. Jacksonville, wenye ushindi mmoja, wakamchukua Trevor Lawrence. Jets wakabaki na zamu ya 2 na Zach Wilson. Timu zikilingana kwa matokeo, huangaliwa ugumu wa ratiba: iliyokutana na wapinzani dhaifu zaidi hutangulia kuchagua.

Dhana: Muda wa kuchagua ukiisha, timu imepoteza zamu yake.

Haipotei, ila timu inayofuata inaweza kuruka mbele. Mwaka 2003 Minnesota, wakiwa wa 7, walikwama kwenye mazungumzo ya kubadilishana zamu, saa ikaisha, Jacksonville na Carolina wakawapita. Wakachagua wa 9: Kevin Williams, ambaye alikuja kuingia kikosi cha kwanza cha nyota wa ligi mara tano.

Dhana: Mchezaji hana namna ya kukataa.

Timu iliyomchagua ndiyo pekee yenye haki ya kumsajili, lakini haiwezi kumlazimisha kusaini. Eli Manning mwaka 2004 alitangaza mapema kwamba hawataki San Diego. Wakamchagua hivyohivyo, kisha wakampeleka Giants kwa Philip Rivers na zamu tatu. Mtu wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika historia ya drafti, Jay Berwanger, mwaka 1936, hakuwahi kucheza mechi hata moja ya kulipwa.

Dhana: Asiyechaguliwa hadi Jumamosi usiku ameishiwa.

Raundi ya saba ikikaribia kwisha, simu za mawakala huwa hazipumui, na wakala mwerevu anaweza kuombea mteja wake asichaguliwe. Aliyechaguliwa hana chaguo la timu. Asiyechaguliwa husaini miaka mitatu badala ya minne, na hutazama nani ana upungufu kwenye nafasi yake kabla ya kusema ndiyo. Kurt Warner, Tony Romo na Antonio Gates hawakuchaguliwa. Mkenya Daniel Adongo naye hakupitia drafti: alitoka kwenye raga moja kwa moja hadi Indianapolis Colts mwaka 2013. Jordan Mailata wa Australia, aliyetoka raga pia bila kuwahi kucheza mechi ya mpira wa Kimarekani, alichaguliwa na Philadelphia katika zamu ya 233 mwaka 2018, na tangu 2020 amekuwa akianza kama mkingaji wao wa kushoto.