Unaosha paa kabla ya masika? Sawa, ila hayo maji ya jiki yanaenda wapi?

Masika inanukia na kama kawaida kila mtu hapa Dar kalikumbuka paa lake. Wenye bati la msauzi wanataka rangi irudi, wenye vigae wanataka ule ukungu mweusi utoke, na wanaokinga maji ya mvua wanataka gata ziwe safi kabla simtanki halijaanza kujaa. Hatuna ugomvi na hilo hata kidogo, paa likisafishwa ni afya. Shida yetu ni kinachotiririka baada ya hapo, maana malalamiko yanayoletwa kwenye ofisi yetu ya mazingira msimu huu yameongezeka na mengi yanafanana: jirani kaosha paa, povu limejaa mtaroni, mchicha umebabuka, kisima kinanuka dawa.

Chukua hili la juzijuzi. Nyumba mbili zimepakana, moja iko juu kidogo, ya chini ina kibwawa cha zege cha perege. Fundi wa nyumba ya juu akamwaga jiki kwenye vigae kwa ndoo, akaiacha ikolee, halafu akapiga maji kwa mashine ya presha. Yote yakashuka kwenye gata, yakapita chini ya ukuta. Jioni perege wako juu ya maji wanatweta, asubuhi wamegeuza matumbo, matamvua yamepauka. Mwenye paa alishangaa kwelikweli, hakuwa na nia mbaya yule mzee, akatuuliza, "Jamani, si ndiyo hii hii tunayotilia maji ya kunywa kipindi cha kipindupindu?"

Ndiyo hiyo hiyo mzee wangu, lakini kule tunaweka matone. Jiki ya dukani kwa kawaida ina dawa yenyewe, ya klorini, kama asilimia 3.5, yaani kila lita ina miligramu 35,000 hivi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa klorini kwenye maji ya kunywa ni miligramu 5 kwa lita. Sasa lita moja tu ya hiyo jiki ikiingia kwenye simtanki la lita 5,000 lililojaa mpaka juu unapata miligramu 7, umeshapita kikomo, na simtanki lenyewe kabla ya mvua linakuwa nusu au robo. Samaki ndio kabisa, hata chini ya miligramu 0.1 wanaumia. Na mafundi hawatumii lita moja, wanakuja na dumu, tena mara nyingi ile kali ya viwandani yenye asilimia 10 mpaka 15 ambayo dumu lake halina hata lebo. Kwa hiyo tukisikia "niliweka kidogo tu" huwa tunauliza kidogo cha nini, na hapo mazungumzo yanakwama.

Asidi ndiyo usiitumie kabisa kwenye bati. Ile ya betri, ile ya kusafishia vigae vya chooni, zote. Bati linang'aa kwa sababu umelimenya ile zinki inayolilinda, zinki hiyo inaondoka na maji, nayo ni sumu kwa samaki, na wewe mwakani unalia kutu. Mbaya zaidi, fundi anapaka asidi, anaona ukungu haujatoka wote, anaongeza jiki juu yake. Hapo inatoka gesi ya klorini, inabana kifua palepale, na mtu yuko juu ya ngazi. Paa la asbesto nalo usilipige presha wala kulikwangua, nyuzi zake zinashuka na maji, zikikauka uwanjani zinapeperuka na watoto wanazivuta. Njoo ofisini kwanza tuzungumze.

Halafu kuna hili la mtaro, ambalo tumeshalieleza mpaka tumechoka. Mtaro wa barabarani SIO bomba la majitaka. Hakuna mtu anayeyasafisha maji yake huko mbele. Yanaingia Mto Ng'ombe, Mlalakuwa, Msimbazi au Kizinga kutegemea unakaa wapi, na yanaishia Bahari ya Hindi. Njiani humo kwenye bonde la Msimbazi kuna watu wanamwagilia mchicha na matembele kwa maji hayo hayo, na mboga hizo zinauzwa sokoni unaponunua wewe. Ukisema "mvua itasafisha", mvua haisafishi chochote, inahamisha.

Wengine wakisikia hivyo wanaona bora wayaelekeze chooni. Jiki nyingi kwa mpigo inaua wale bakteria wanaosaga uchafu shimoni, shimo linajaa mapema na harufu juu. Na ukiyamwaga karibu na kisima, udongo wetu wa pwani ni mchanga mtupu, hauchuji kitu, yanashuka moja kwa moja.

Sasa ufanyeje. Kwanza fagia paa likiwa kavu, majani, vumbi na kinyesi cha ndege vizolewe kwa mkono na sio kusukumwa na maji, ukifanya hivyo nusu ya kazi imeisha na dawa utakayohitaji itapungua sana. Sehemu kubwa ya paa inakubali maji, brashi na sabuni ya kawaida. Pale ukungu ulipokomaa tu ndipo unatumia jiki ya dukani iliyochanganywa na maji mengi, unapaka kwa brashi, humwagi kwa ndoo. Kabla ya hapo chomoa bomba linalopeleka maji kwenye simtanki, usitegemee kuziba kwa tambara, CHOMOA, na chini ya bomba la gata weka pipa au beseni kubwa. Lowesha mimea iliyo chini kwa maji matupu kabla na baada. Angalia utabiri wa hali ya hewa wa TMA, usioshe siku ya mawingu. Maji uliyokinga yaache wazi juani siku mbili tatu, jua linaivunja klorini, weka mfuniko wa wavu watoto na kuku wasifike, kisha yamwage taratibu kwenye ardhi isiyo na mazao, mbali na kisima na mbali na mtaro. Bomba la simtanki usilirudishe mpaka mvua kubwa mbili zimelipiga hilo paa. Paa la mita za mraba 100 kwenye mvua ya milimita 2 tu linatoa lita 200, kwa hiyo usione uchungu kuyaacha ya kwanza yaende.

Upande wa taratibu, kwa sababu watu wanadhani sheria ya mazingira ni ya viwanda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 haijasema kiwanda peke yake. Inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuathiri mto, ziwa au bahari ndani ya mita 60, na msingi wake ni kwamba aliyechafua ndiye anayelipa, yaani gharama za kusafisha na fidia ya aliyeumia ni zake. Ukilalamikiwa, mara nyingi shauri linaanzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, linakwenda kwa afisa afya wa kata, ndipo linafika kwetu. Mkaguzi wa mazingira ana mamlaka ya kuingia, kukagua na kuchukua sampuli, akija na kitambulisho usimfungie geti. Unaweza kupewa amri ya kurekebisha yenye muda wake, unaweza kukiri kosa kwa maandishi likafifilishwa kwa kulipa bila kwenda mahakamani, na likienda mahakamani faini za uchafuzi zinaweza kufika shilingi milioni 50 na kifungo kipo. Hatusemi muosha paa ndiye atapigwa milioni 50, tunasema ngazi iko hivyo. Na "aliyeosha ni fundi, mimi nilikuwa kazini" haitusaidii, paa ni lako na tutaanza na wewe. Muulize huyo fundi kemikali kanunua wapi, wauzaji wa kemikali wanatakiwa wawe wamesajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2003, asiye na risiti wala lebo usimpandishe juu.

Wewe unayelalamika nawe, tafadhali, usituletee chupa ya maji uliyoyachota Jumamosi ukaja nayo Jumatano. Klorini inapotea haraka, kipimo chake kinatakiwa kifanyike palepale ndani ya dakika chache, hiyo chupa yako haithibitishi kitu. Piga picha za maji yakitiririka, andika saa, piga picha ya dumu na lebo kama ipo, na utoe taarifa siku hiyo hiyo wakati mtaro bado umelowa.

Madumu matupu ya hizo dawa yatobolewe. Tumeshayakuta gengeni yana mafuta ya kula.