Humanisti si mtu wa misaada, wala si mpinga Mungu

Jumamosi nilikuwa msibani, msemaji wa familia kasimama anasoma wasifu wa marehemu. Alisomesha watoto wa ndugu zake, alichangia ujenzi wa choo cha shule ya msingi, hakuwahi kumnyima mtu nauli, na kwa hiyo, akasema, mzee wetu alikuwa humanisti wa kweli. Nikameza mate nikanyamaza, msibani hapasahihishwi maneno ya mtu. Ila jioni hiyo hiyo mpwa wangu, yuko mwaka wa kwanza anasoma historia, ananitumia meseji: "Shikamoo anko, huyu Leonardo Bruni wameandika ni mwanahistoria humanisti, ina maana alikuwa na NGO?" Mara mbili siku moja. Haya, ngoja tuandike.

Maana yenyewe ni fupi. Kwa Italia ya karne ya 15, humanisti ni mtu aliyebobea kwenye masomo matano: sarufi, balagha (ufundi wa kusema na kuandika kwa ufasaha), ushairi, historia na falsafa ya maadili, akiyasomea kwenye vitabu vya Warumi na Wagiriki wa kale. Hapo hamna huruma, hamna mfuko wa misaada, hamna kukana dini. Ni suala la umesoma nini.

Sasa neno limetokea wapi, maana hapa ndo utamu ulipo. Kwenye vyuo vya Italia kulikuwa na desturi ya kumwita mtu kwa somo lake, anayeshughulika na sheria ni legista, wa sheria za Kanisa ni canonista, basi wale wa kundi la masomo yale matano, lililoitwa studia humanitatis, nao mwishoni mwa karne ya 15 wakaanza kuitwa umanista. Ni jina la vijana wa chuo tu, kama sisi bwenini tulivyokuwa tunaitana kwa herufi za mchepuo wa masomo, "yule PCB", "yule HGL". Mimi nilikuwa HKL miaka miwili na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kudhani HKL ni sifa ya moyo wangu. Umanista ni HKL wa Kiitalia, basi.

Tatizo ni hilo neno la Kilatini lililo ndani yake, humanitas. Ukilivamia na kamusi mkononi unapata "ubinadamu", na Mswahili akisikia ubinadamu anasikia utu, akisikia utu anaona sahani ya chakula inapelekwa kwa jirani. Simlaumu, lugha yetu ndivyo ilivyo, mtu ni utu. Lakini Cicero, msemaji maarufu wa Roma ya kale, aliposimama mahakamani mwaka 62 KK kumtetea mshairi Archias na kutaja studia humanitatis, hakuwa anazungumzia kugawa chakula, alikuwa anazungumzia elimu ya fasihi na maarifa yanayomkomaza mtu. Hotuba hiyo Petrarca, mshairi wa Italia, aliikuta Liège, Ubelgiji ya leo, mwaka 1333, akainakili, na Waitalia waliomfuata wakaliokota neno humo humo.

Na msidhani mimi ndo wa kwanza kukereka. Karne ya 2 BK alikuwepo Mrumi mmoja anaitwa Aulus Gellius, mtu wa kukusanya vijihabari vya lugha na vitabu, akaandika kabisa kwamba watu wanakosea kuchukua humanitas kama wema na ukarimu kwa kila mtu, kile Wagiriki wanachoita philanthropia, wakati waliokijua Kilatini vizuri walimaanisha kile Wagiriki wanachoita paideia, yaani malezi ya elimu. Miaka zaidi ya 1800 iliyopita! Ningekuwa karibu naye ningemnunulia kahawa.

Kwa Kiswahili mimi naona neno lililo karibu zaidi na humanitas si utu, ni uungwana. Muungwana zamani alikuwa kwanza mtu huru, asiye mtumwa, halafu neno likabeba adabu, usemi mzuri na ujuzi wa mambo, na Warumi nao elimu hii waliihesabu kuwa inayomfaa mtu huru. Waarabu nao ni hivyo hivyo, adab kwao ni tabia njema na ni fasihi pia, sisi tulipolichukua tukabaki na nusu ya kukaripia watoto, "huna adabu wewe", nusu ya vitabu tukaiacha jahazini. Afu vyuoni Tanzania tayari tuna neno insia kwa masomo haya, ni zuri na fupi, sijui kwa nini hatulitumii nje ya geti la chuo. Mwanainsia. Si linasikika?

Hilo "humanism" lenyewe, lenye -ism yake, Bruni hakuwahi kulisikia. Lilianza kuvuma mwaka 1808 kwa Mjerumani Friedrich Immanuel Niethammer, mtu wa elimu huko Bavaria, aliyeandika kitabu kuhusu ugomvi wa namna mbili za kufundisha. Upande mmoja wanaotaka shule iwe Kilatini na Kigiriki, hao akawapa humanism, upande wa pili wanaotaka shule ya vitendo na kazi, na hao jina lao lilikuwa... philanthropinism! Sio misaada, ni jina la mkondo wa shule ulioanzia Dessau, mji wa Ujerumani, lakini tazama kichekesho, maneno yale yale mawili ya Gellius yamesimama tena yanatazamana. Mwaka 1859 Georg Voigt, mwanahistoria Mjerumani, ndo akaandika kitabu kizima akiwaita akina Petrarca na Bruni kwa jina hilo, na likawaganda.

Tumrudie Bruni sasa, maana mpwa anasubiri. Kazaliwa Arezzo karibu mwaka 1370, kaenda Firenze (Florence kwa Kiingereza) kusoma sheria, na mwaka 1397 akaja Mgiriki kutoka Konstantinopoli, Manuel Chrysoloras, kufundisha Kigiriki. Bruni akaiweka sheria pembeni akamfuata. Ukisoma alivyojieleza baadaye utacheka, anawaza kwamba walimu wa sheria wamejaa na watakuwepo siku zote, ila wa Kigiriki ndo huyu mmoja, akimpita basi. Baadaye kawatafsiria wenzake Plato na Aristotle kwa Kilatini kizuri, na kuanzia 1427 mpaka anakufa 1444 alikuwa katibu mkuu wa serikali ya Firenze, yaani barua zote za dola zinapita kwenye kalamu yake.

Kazi yake kubwa ni historia ya watu wa Firenze, vitabu 12 kwa Kilatini. Waandishi wa kabla yake walisimulia kwamba mji ulianzishwa na Julius Caesar, ukabomolewa wote na Totila, mfalme wa Wagothi, ukajengwa upya na Charlemagne, mfalme wa Wafranki. Bruni akasema hapana, mji ni wa askari wastaafu wa Sulla, jemadari wa Roma, kipindi Roma bado ni jamhuri, na hiyo ya kubomolewa wote naye hakuikubali. Akachimba nyaraka za serikali, akaangalia sababu za mambo, miujiza akaipunguza, kisha akaandika kwa mtindo wa Livy, mwanahistoria wa Roma ya kale, viongozi wanapewa hotuba ndefu ambazo hakuna aliyewarekodi. Hiyo ndo maana ya mwanahistoria humanisti: historia kwake ni ndugu wa balagha, inatakiwa iwe kweli na pia isomeke.

Ukarimu je? Mwaka 1416 Firenze ilimpa uraia pamoja na nafuu ya kodi, na alikufa tajiri. Mwaka 1431 aliandika kuwatetea Wafiorenze waliokuwa wanaivamia Lucca, mji jirani tu hapo. Pia alimwandikia mwanamke msomi, Battista Malatesta, waraka mzuri sana wa kumhimiza asome, halafu humo humo anamwambia balagha ya mahakamani si ya wanawake, na hapo kanikera. Mtu wa misaada gani huyu.

Na wale mnaosema humanisti ni mpinga dini: Bruni alikuwa katibu wa mapapa, si mmoja, wanne, na ni yeye aliyemwambia Battista huyo huyo kwamba vitabu vya dini vina nafasi ya kwanza. Enea Silvio Piccolomini, humanisti na mwanahistoria vilevile, mwaka 1458 kawa Papa mwenyewe, Pius II. Leo kuna vyama vya watu wasioamini Mungu wanaojiita humanisti, ni haki yao, neno limekua likazaa na maana hiyo ipo, msiwanyang'anye. Msimvishe tu Bruni kanzu yao.

Kaburi lake liko kanisani, Santa Croce, kalichonga Bernardo Rossellino. Bruni wa marumaru kalala chali, taji la heshima la majani kichwani, na kifuani kaweka kitabu, mikono juu yake. Maandishi ya chini yanaanza kwa kusema kwamba tangu Leonardo aondoke, Historia inaomboleza na Ufasaha umekuwa bubu. Haikutajwa yatima, haikutajwa sadaka.

Kwa hiyo mpwa wangu, andika "mwanahistoria wa mkondo wa wanainsia wa Firenze", mwalimu wako akigoma mwambie aniulize. Na wewe msemaji wa familia, pole sana kwa msiba, mzee alikuwa mtu mwema na sote tunajua, ungesema "alikuwa na utu" ingetosha kabisa.

Meseji imerudi sasa hivi: "Sawa anko nimefuta NGO. Ila balagha ndo nini?"