Kiwewe hakitapikwi

Wiki hii wamekuwa wanne. Wanne wameingia chumbani kwangu hapa mjini Unguja na swali lile lile: "Dokta, si kuna dawa ya msituni, unakunywa usiku mmoja, unatapika, kiwewe chote, lile jeraha la moyoni baada ya janga, kinatoka?" Mmoja kasikia kwa wageni Paje, waliobaki kwenye simu.

Dhana: ukitapika, umekitoa.
Dawa hiyo ni ayahuaska, kinywaji cha wenyeji wa Amazoni. Kinatapisha, kweli. Lakini kumbukumbu haikai tumboni! Hata MDMA, dawa ya kulevya ya maabara iliyojaribiwa kwa wenye kiwewe huko Marekani, ilitolewa katika vikao vitatu tu, kila kimoja cha muda wa saa nane hivi mbele ya wataalamu wawili. Kabla na baada yake vilikuwepo vikao vya kuzungumza bila dawa yoyote, na hivyo ndivyo hakuna anayeniulizia. Pamoja na yote hayo, Agosti 2024 mamlaka ya dawa ya huko ilikataa kuiidhinisha. Australia imeiruhusu tangu Julai 2023, lakini kwa madaktari wa akili wenye kibali, si kwa kila mwenye birika.

Aliyenusurika meli ya MV Spice Islander ilipozama mwaka 2011 harudi kwenye boti kwa kikombe. Leo anakwenda bandarini Malindi na nduguye, anatazama tu. Wiki ijayo anakanyaga gati. Polepole, inachosha, na ndiyo ninayoiamini.

Dhana: miti shamba haigombani na vidonge.
Inagombana, na inaua. Ayahuaska inazuia kimeng'enya kinachovunja serotonini, kemikali ya ubongo. Aliye kwenye vidonge vya sonona kama fluoksetini au sertralini akiinywa, serotonini inaweza kupanda kupita kiasi: homa kali, misuli kukakamaa, degedege. Na usiniambie "nimeiacha juzi". Fluoksetini hukaa mwilini wiki kadhaa.

Dhana: ni kama kupunga pepo.
Kilinge ninachokijua mimi, kinachompandisha mtu ni ngoma na ubani, si kinywaji, na akishuka wapo mashangazi wa kumshika. Simtetei mganga, ila angalau kesho yake mtu hayuko peke yake.

Dhana: inamfaa kila mtu.
Mwenye skizofrenia, ule ugonjwa mkali wa akili, au mwenye ndugu wa damu anayeugua, asiguse.

Yule wa nne alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na uyoga wa kulevya je?" Nimempa miadi Jumatatu. Aje na mkewe, na vidonge vyake vyote mfukoni.