Ni ya damu au ni ya jikoni? Maswali kuhusu ukoo na ulaji

Watoto wangu ni wa tumbo moja. Mmoja anakula sukuma wiki, mwenzake anaitema. Kwa nini?

Huenda hawasikii ladha ileile. Ulimi una vipokezi vya uchungu, na kimoja kati yake hutokana na jeni, yaani kipande cha urithi wa wazazi, iitwayo TAS2R38. Kila mtoto hupata nakala moja kwa baba na nyingine kwa mama, na nakala zenyewe hutofautiana. Aliyepata zile kali pande zote mbili huona sukuma wiki na kabichi ni chungu kuliko anavyoona ndugu yake. Jambo hili lilianza kujulikana kwa bahati mwaka 1931, katika maabara ya DuPont huko Marekani: mkemia Arthur Fox alikuwa akishughulika na unga wa kemikali iitwayo PTC, unga ukapeperuka, mwenzake akalalamika kwamba mdomo wake umejaa uchungu, Fox mwenyewe hakusikia kitu.

Kwa hiyo usimwite mtoto anadeka. Wala usiifute mboga hiyo nyumbani. Ikirudi mezani mara 8 hadi 15, kijiko kimoja au viwili tu, bila fimbo wala vitisho, watoto wengi huizoea. Upishi nao unasaidia sana. Mboga iliyotemwa Jumatatu ikiwa ya kuchemshwa, Ijumaa inaweza kulika ikiungwa kwa karanga au tui la nazi, maana mafuta na chumvi kidogo hupunguza makali ya uchungu.

Nikinywa maziwa tumbo linanguruma. Mume wangu ni Mmasai, yeye anamaliza kibuyu na hana habari. Nina ugonjwa?

Kwa kawaida huo si ugonjwa. Karibu kila mtoto mchanga ana kimeng'enya cha laktesi, kinachovunja sukari ya maziwa. Kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Kwenye jamii za wafugaji, wengi wamerithi badiliko la jeni linalokiacha kikiendelea kufanya kazi hadi uzeeni. Mwaka 2007 timu ya mtafiti Sarah Tishkoff, iliyopima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ilionyesha kwamba mabadiliko ya wafugaji wa huku yalizuka yenyewe, mbali na lile la Wazungu. Badiliko hilo likitoka kwa mzazi mmoja linatosha, hivyo wanao wanaweza kumfuata baba yao.

Wewe jaribu mtindi au maziwa mgando. Bakteria wameshakula sehemu ya ile sukari.

Ukoo wetu wote ni wanene. Si ndivyo tulivyoumbwa?

Kwa sehemu, ndiyo. Jeni ya FTO, iliyogunduliwa mwaka 2007 kuhusika na uzito, ina aina moja inayochochea hamu ya kula. Watu wazima wa Ulaya wenye nakala mbili za aina hiyo walikuwa na wastani wa kilo 3 zaidi ya wasio nayo. Jeni nyingine ni nyingi, kila moja na mchango wake mdogo. Lakini watoto hurithi na birika pia: vijiko vitatu vya sukari kwa kikombe, mafuta yanayomiminwa bila kupimwa, chipsi kila jioni. Hayo hayamo kwenye damu, yanaigwa.

Na kisukari?

Mzazi au ndugu wa damu akiwa na kisukari aina ya 2, hatari yako iko juu. Kapime sukari mapema, usingoje dalili.

Mama mkwe anawalazimisha wajukuu wamalize sahani. Nimwambieje?

Usibishane naye mbele ya watoto. Shika mwiko wewe: pakua kidogo, anayetaka ataongezewa. Bibi ataona sahani tupu, na mtoto ataendelea kusikiliza tumbo lake. Anayelazimishwa kila siku huzoea kula mpaka chakula kiishe, hata kama alishashiba zamani. Ila kama kadi ya kliniki inaonyesha uzito umesimama au unashuka, hilo si la kumalizwa mezani. Mpeleke kituo cha afya wiki hiyohiyo.