Ukikuta watoto wa paka peke yao, usiwabebe haraka

Watu wengi hapa Nairobi wakikuta watoto wa paka nyuma ya kibanda Gikomba au chini ya ngazi za ploti, huamini mama amewatupa. Mara nyingi sivyo. Ameenda kutafuta chakula, na hatarudi watu wakiwa wamesimama pale. Sogea mbali, usubiri saa kadhaa. Wakiwa wasafi, matumbo yamejaa, wamelala wamerundikana, mama yupo.

Kuwachukua mapema ndiko huwaua. Mtoto wa chini ya wiki 3 hawezi hata kukojoa mwenyewe; mama humlamba ndipo mkojo utoke. Na yale maziwa ya paketi tunayowapa kwa huruma huwaharisha hadi wakaishiwa maji mwilini. Inaniuma sana kuona wema ukiishia hivyo.

Mpe mama chakula na maji papo hapo. Watoto wakifika wiki 8, wanakula wenyewe, watafutie nyumba. Mama naye afungwe uzazi, maana anaweza kushika mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha.

Lakini wakiwa baridi, wachafu, wanalia bila kukoma, usingoje: wafunike vizuri, uwapeleke kwa daktari wa mifugo.